Biki na Daftari la Madeni: Tathmini ya Vifaa vya Kuchorea Abiria Ndani ya Treni

Kwa mtu anayetaka kuchora abiria wenzake akiwa njiani kwenda kazini au kurudi nyumbani kwa treni, kifaa kinachomfaa kuliko vyote vinavyopatikana Dar es Salaam ni biki ya kawaida, ile Bic Cristal yenye mwili wa plastiki angavu na kifuniko cha rangi ya wino wake, ikiambatana na daftari dogo la jalada gumu la aina ambayo wenye maduka ya mtaani huandikia madeni. Ninasema hivyo baada ya kutumia pia penseli, kalamu za jeli, kalamu za brashi na kishikwambi, na ninajua kwamba wapo wachoraji wazoefu watakaoona ni dharau kuiweka kalamu ya kujazia fomu juu ya vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya sanaa. Wakiwa mezani kwao, wana haki. Ndani ya behewa hakuna meza, mwanga hubadilika kila treni inapopita chini ya daraja, jirani yako amekuegemea bega, na anayechorwa hana habari wala hana wajibu wa kutulia. Masharti hayo ndiyo niliyoyatumia kuvipima vifaa hivi.

Bic Cristal ilianza kuuzwa Ufaransa mwezi Desemba 1950. Aliyeiingiza sokoni ni Marcel Bich, baada ya kununua haki za uvumbuzi wa László Bíró, mwandishi wa habari kutoka Hungaria ambaye alisajili kalamu yake ya gololi mwaka 1938 kwa kuvutiwa na jinsi wino mzito wa magazeti unavyokauka upesi. Mengi yaliyofikiriwa wakati ule kwa ajili ya makarani yanamfaa pia mchoraji wa kwenye treni. Mwili wake una pembe sita kama penseli, kwa hiyo ukiilaza juu ya daftari ili ushike bomba haiviringiki na kupotelea chini ya viti. Wino unaonekana kupitia plastiki, hivyo unajua kabla ya kutoka nyumbani kama utakufikisha. Ubavuni kuna kitundu kinachoruhusu hewa kuingia ili shinikizo la ndani lilingane na la nje. Ncha ina gololi ya tangsteni kabaidi yenye kipenyo cha milimita 1, inayoacha mstari wa takriban milimita 0.4, na kalamu moja huweza kuandika mstari wa kilomita 2 hadi 3 kabla ya kuisha. Ipo pia ile nyembamba, yenye mwili wa rangi ya chungwa na gololi ya milimita 0.8, ambayo nitaieleza baadaye.

Sifa inayoipandisha juu ya nyingine zote ni namna inavyoutii mkono. Wino wake ni wa mafuta na ni mzito, na gololi huutoa kwa kadiri inavyokandamizwa. Ukiigusisha karatasi kidogo tu unapata mstari wa kijivu hafifu, na ukiikandamiza unapata mweusi kamili. Kalamu ya jeli haina tabia hiyo, kwa kuwa wino wake hutiririka karibu kwa kiasi kilekile mkono uwe mzito au mwepesi. Tofauti hii huonekana wazi zaidi ndani ya treni, kwa sababu mistari ya kwanza ya mchoro wa mtu asiyetulia huwa ni ya kubahatisha: unatafuta mwinamo wa shingo, mahali bega linapoanzia, umbali kati ya kidevu na kifua cha mtu aliyesinzia. Kwa biki, mistari hiyo ya kutafutia hubaki hafifu kiasi kwamba huhitaji ufutio. Unapitisha kadhaa, kisha unauchagua ulio sahihi na kuukoleza, na ile mingine inageuka kuwa kivuli cha shingo au mkunjo wa ukosi. Treni ikitikisika na kalamu ikateleza, mstari ulioteleza nao ni hafifu, na mara nyingi huzama katika vivuli vitakavyofuata.

Kwenye treni ya mjini inayotoka Stesheni kuelekea Ubungo, ambayo wengi huiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi aliyekuwapo huduma hiyo ilipoanza Oktoba 2012, vituo viko karibukaribu, na abiria unayemchora anaweza kushuka Buguruni au Tabata kabla hujafika kwenye viatu vyake. Hali hiyo inakulazimisha kuanza na kile kitakachopotea mapema. Nguo unaweza kuimalizia kwa kumbukumbu na kiti utakikuta kesho, lakini mkao na mikono havirudi. Mchukue mwanamume aliyesimama, mkono mmoja ameshika bomba la juu na mwingine umebeba hotpoti la chakula cha mchana. Mkono ulioinuliwa unalivuta shati lote upande mmoja, mikunjo inatoka kiunoni na kukutana kwapani, na bega la upande ule linakaribia sikio. Biki huichora mikunjo hiyo kwa mpigo mmoja kila mmoja, ukianza kwa kukandamiza kwapani na kulegeza kadiri unavyoshuka, hadi mstari unaishia wenyewe bila kukatwa. Vidole vilivyolishika bomba vinahitaji uangalifu zaidi. Wengi hushika kwa vidole vitatu vya mwisho na kukiacha cha shahada kikining'inia, na jambo dogo kama hilo humtambulisha mtu hata kama sura yake hukuimaliza.

Reli nayo ina neno lake. Reli ya zamani ya kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA milimita 1,067, na reli ya kisasa, yaani SGR, milimita 1,435. Mchoraji anazihisi tofauti hizo, pamoja na za ujenzi wenyewe, mkononi mwake. Penye reli zilizoungwa kwa vipande, gurudumu hugonga kila kiungo na mdundo hujirudia kwa mpangilio. Baada ya muda mkono unauzoea, ukajifunza kuchora katikati ya migongano na kujinyanyua kidogo kiungo kinapopita. Penye reli zilizochomelewa zikawa kitu kimoja, kama za SGR, mdundo huo haupo, na unaweza kuushusha mstari mrefu kutoka kisogoni hadi kiunoni pasipo kusita ingawa treni inaweza kuwa inakimbia kilomita 160 kwa saa. Hapo kinachosumbua ni kuyumba polepole kwenye kona, ambako hukuhamishia daftari lote pembeni pamoja na mwili wako. Biki hustahimili hali zote mbili kwa sababu ncha yake ni ngumu na haina unyumbufu wa kuutia chumvi mtikisiko. Kalamu ya brashi, ambayo nyumbani naipenda kuliko zote, huandika kila gongo la reli kana kwamba imeajiriwa kufanya hivyo.

Kuhusu rangi ya ngozi, vitabu vingi vya kujifunzia kuchora viliandikwa kwa kutazama nyuso nyeupe, na ushauri wake wa kuuacha uso ukiwa karatasi tupu na kutia kivuli kidogo chini ya pua hautusaidii sana. Uso mweusi vilevile haupatikani kwa kujazwa weusi. Kinachouumba ni mng'ao: juu ya paji, kwenye mfupa wa shavu, mgongoni mwa pua na kwenye mdomo wa chini, hasa asubuhi jua likiwa linapenya dirishani kwa ubavu. Kwa biki nyeusi, tandaza kwanza mistari myepesi ya mshazari juu ya uso mzima ukiyaruka maeneo ya mng'ao, kisha pitisha tabaka la pili linaloikata ile ya kwanza penye vishimo vya macho, chini ya taya na pembeni mwa shingo, na usikandamize mpaka mwisho kabisa, pale penye mboni na mpaka wa nywele. Ukifanya hivyo uso unakuwa na joto na mviringo, na mng'ao mdogo ulioachwa mweupe unaufanya uonekane hai. Ukikoleza kupita kiasi wino unaanza kung'aa kwa rangi ya shaba ukiutazama kwa pembe, tabia ambayo kalamu zote za wino wa mafuta zinayo, na tabaka jingine halitauzidishia weusi.

Njia nyingine, ambayo mimi huipenda zaidi kwa nyuso za karibu, ni kuchora juu ya karatasi ya kaki. Bahasha za kaki zilizokwisha tumika hujaa katika kila ofisi. Kata vipande vinavyolingana na kurasa za daftari, vibandike kwa gundi, na utakuwa na ukurasa ambao tayari una rangi ya kati. Biki inashughulikia kivuli peke yake, na mng'ao unaongezwa nyumbani kwa nukta chache za kalamu nyeupe ya jeli. Kazi ya ndani ya treni inapungua karibu nusu.

Sasa kasoro. Kalamu yoyote ya gololi hukusanya wino pembeni mwa ncha na kuutema kwa donge unapogeuza upande wa mstari, na dawa yake ni kuipangusa kwenye kipande cha karatasi laini mara kwa mara, jambo ambalo linakuwa mazoea. Joto la mchana la Dar es Salaam huulainisha wino na kuongeza madonge. Ndani ya behewa lenye kiyoyozi wino huwa mzito na mistari ya kwanza hutoka kwa kukatikakatika, kwa hiyo ni vyema kuikwaruza kidogo pembeni mwa ukurasa kabla ya kuanza. La tatu linawahusu wanaosimama. Wino huifikia gololi kwa mvuto wa ardhi, na mtu aliyebanwa kwenye msongamano, akalazimika kuliinua daftari mbele ya uso na kuchora ncha ikiwa imeelekea juu, ataona mstari unafifia na kukauka baada ya muda mfupi. Hapo hakuna ujanja zaidi ya kuishusha kalamu, kuiacha itulie na kuendelea. Biki haifutiki, lakini hilo mimi silihesabu kuwa kasoro. Anayejua kwamba hana ufutio hutazama kwa makini zaidi kabla ya kugusa karatasi.

Kasoro kubwa kuliko zote haionekani siku hiyohiyo. Wino wa biki hutengenezwa kwa rangi zinazopauka kwa mwanga, na mchoro uliotundikwa ukutani mkabala wa dirisha utafifia, wakati uleule ukiwa ndani ya daftari lililofungwa utadumu vizuri. Kwa anayechora ili kujifunza kutazama watu, hili si tatizo. Kwa anayetaka kuuza au kuonyesha kazi zake ni tatizo halisi, na itambidi apige nakala za picha mapema au ahamishie michoro hiyo kwenye wino mwingine akiwa nyumbani.

Daftari ni nusu ya kifaa, ingawa watu hulichagua bila kufikiri. Kaunta buku la kwaya mbili ni imara na bei yake ni nafuu kwa wingi wa kurasa, lakini ni pana mno. Ukilifungua umemwingilia jirani, na kila aliyesimama nyuma yako ameshaona unachofanya. Ukubwa unaofaa ni ule wa A6, yaani milimita 105 kwa 148, unaoenea kwenye kiganja na kuingia mfuko wa shati. Jalada lazima liwe gumu kwa kuwa ndilo meza yako. Kagua mgongo kabla ya kununua: kurasa zilizoshonwa kwa uzi hufunguka zikalala, wakati zile zilizobandikwa kwa gundi pekee hujikunja kuelekea katikati na kuanza kuchomoka zikiishapata jasho la mkono. Karatasi isiwe laini ya kuteleza, maana gololi inahitaji mahali pa kushika ili iviringike, wala isiwe na mikwaruzo ya karatasi ya rangi za maji. Karatasi ya kawaida ya gramu 70 au 80 inatosha kabisa, na wino wa biki haupenyi upande wa pili, kwa hiyo kurasa zote mbili zinatumika. Mistari iliyochapwa kwenye madaftari mengi ya madukani haipendezi lakini haizuii. Macho huizoea, na mara nyingine hukusaidia kujua kama kichwa kimeinama au kimenyooka.

Vifaa vingine nitavipitia kwa kifupi. Penseli ya 2B ina rangi tamu na inaitii shinikizo kama biki, lakini ndani ya mkoba kurasa husuguana na michoro ikawa ukungu, na kuichonga safarini ni kumwagia jirani maganda mapajani. Kwa SGR, ambako mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kabla ya kupanda, wembe wa kuchongea utakuletea maelezo marefu usiyoyahitaji. Kalamu za jeli hutoa weusi mzuri sana ila hukawia kukauka, na kiganja chenye jasho huusambaza wino. Kalamu ya maka hupenya kurasa. Kishikwambi kina uwezo mkubwa kuliko vyote hivi kwa pamoja, na ndicho kibaya zaidi kwa treni ya mjini: kioo hakisomeki jua likipiga, dirisha lililo wazi kituoni ni mwaliko kwa vibaka, na kila unapokiinua kukielekeza upande wa mtu, yeye anaamini unampiga picha.

Hapo ndipo biki na daftari la madeni vinaponipa sababu ya kuvisifia zaidi, kwa kuwa kifaa cha kuchorea watu lazima kipimwe pia kwa jinsi watu wenyewe wanavyokipokea. Mtu mwenye kalamu na kidaftari ndani ya treni hudhaniwa anapiga hesabu za duka, anaandika oda au anakumbuka mambo ya kikao. Hakuna anayekaza mwili, hakuna anayejitengeneza. Ukitoa kitabu kikubwa cha michoro na sanduku la penseli, behewa zima linageuka kuwa hadhira na mtu uliyekuwa unamtazama anaanza kutabasamu kama yuko studio. Utulivu huo una dhima yake, kwa maana unamtazama mtu kwa muda mrefu bila yeye kujua, na adabu ya kwetu haipendi mtu akodolewe macho. Utaratibu ninaoufuata ni kwamba anayenigundua ana haki ya kuuona mchoro mara moja na kuudai ukurasa akiutaka, watoto siwachori sura, na mtu ambaye usingizi umemwacha katika mkao wa kumdhalilisha namwacha.

Mara nyingi kugunduliwa si balaa. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa na ndoo ya samaki miguuni aliniuliza kwa sauti ya kutosha wote kusikia, "Kijana, unanitazama halafu unaandika. Unaniandika nini?" Nikamjibu, "Shikamoo, mama. Nakuchora, kama utaniruhusu." Akaitikia marahaba, akalichukua daftari, akalisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wasio na miwani, kisha akasema, "Kilemba hujakimaliza. Fundo liko huku nyuma," akageuza kichwa ili nilione. Ningekuwa na kishikwambi, nina hakika mazungumzo yale yangekuwa ya aina nyingine.

Suala hili la heshima lilimgusa hata Henry Moore, mchongaji sanamu mashuhuri wa Uingereza. Mwaka 1940 na 1941, wakati watu wa London walipokuwa wakilala kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi kujikinga na mabomu ya Wajerumani, Moore alipita kati yao lakini hakusimama mbele yao kuwachora, kwa kuona kwamba ni kuwaingilia watu katika dhiki yao. Aliandika dondoo fupi za kujikumbusha, akarudi nazo, na michoro yenyewe akaifanya baadaye kwa kumbukumbu, kwa kalamu za nta na rangi za maji. Michoro hiyo ni miongoni mwa kazi zake zinazojulikana zaidi. Kwa mchoraji wa kwenye treni, mbinu yake ni msaada wa kweli siku za msongamano: andika maneno matatu au manne, kama vile "bega la kushoto juu, mkoba tumboni, macho nusu", chora kiunzi cha mistari mitano, na uikamilishe ukifika. Biki, ambayo ni ya kuandikia kwanza, inahama kutoka neno hadi mstari bila kubadilishwa.

Kuhusu mahali pa kuvitumia, treni ya mjini asubuhi ndiyo shule, kwa sababu watu wako karibu, wamesimama, wamechoka na hawaigizi. SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, ni mahali pa mchoro mmoja wa kumaliza. Safari ya Morogoro peke yake inakupa zaidi ya saa moja na nusu na abiria yuleyule, na mtu akishaweka simu pembeni na kulala, unaweza kuupanga mwanga wa uso wake tabaka kwa tabaka kama nilivyoeleza. Ukipata kiti cha nyuma ya watu badala ya kuwaelekea, usihuzunike. Visogo vya abiria ni somo zima. Nywele zilizosukwa twende kilioni hufuata umbo la fuvu kutoka paji hadi shingoni, na ukizichora kwa mistari inayopinda pamoja nazo, kichwa kinapata mviringo wake chenyewe bila kivuli chochote. Mabutu yanahitaji mpangilio wa miraba iliyogawanywa sawasawa, na hapo ndipo biki nyembamba ya rangi ya chungwa inapostahili nafasi mfukoni. Mstari wake unaingia mahali ambapo ile ya kawaida ingejaza, kama vile kwenye misuko, urembo wa kofia za kiua na maandishi ya kanga. Kwa nyuso na mikunjo ya nguo naiona ni kavu kidogo, na naishika ile ya kawaida.

Biki inauzwa karibu kila duka la vifaa vya shule na maduka mengi ya rejareja, kwa kawaida chini ya shilingi 1,000, na anayetaka kwa wingi atapata boksi la kalamu 50 kwa wauzaji wa jumla Kariakoo. Ijaribu kabla ya kulipa kwa kuzungusha vidoa vya duara kwenye karatasi, kwanza polepole halafu kwa kasi. Ikikatika kwenye duara la polepole, omba nyingine. Nunua nyeusi mbili na ya bluu moja, kwa kuwa bluu hufaa sana kutafutia umbo kabla ya nyeusi kulikoleza. Anayehitaji michoro ya kutundika ukutani anunue kalamu ya wino wa pigmenti usiopauka, aiache nyumbani, na aitumie jioni kupitishia juu ya mistari ya biki iliyotoka treni.